Timu ndogo ya ligi kuu ikatafute wapi wachezaji? Tumechoka na magalasa

Kibao cha Akiba

Wakuu salama? Mi nipo kwenye kamati ya usajili ya timu moja ya mkoani, jina tuliache maana nikilitaja tu kesho naitwa kikaoni. Tupo ligi kuu, msimu uliopita tumeponea chupuchupu, dirisha la usajili ndo hilo limefika na kamati imegawanyika mapande matatu.

Mwenyekiti anataka wageni. Kila ukifungua mdomo anakutajia Aziz Ki na Pacome, kwamba Yanga waliwatoa ASEC kule Ivory Coast basi na sisi twende huko huko. Wazee wa timu wanasema tusubiri Simba na Yanga wapange vikosi vyao wakimaliza tukaombe mkopo wale wa benchi. Kocha yeye vijana, kila siku vijana, ukimuuliza vijana gani anakwambia wapo wengi tu mtaani. Mtaa upi sasa?

Niwape kisa mjue kwa nini nimekuja huku. Msimu juzi tuliletewa straika na wakala, katuma video ya dakika nne WhatsApp. Jamani ile video. Jamaa anakokota mpira toka katikati, chenga, chenga, bao, muziki juu. Kamati nzima tulishika vichwa, mmoja akasema huyu tusipomsaini leo usiku kesho yuko Msimbazi kwa Simba. Akaja. Siku ya kwanza mazoezini kocha kawachezesha wenyewe kwa wenyewe, beki wetu wa kati kasimama tu nyuma yake, hata hajamsukuma, yule bwana kila mpira unaomfata akiwa ameligeuzia goli mgongo unamgonga ugokoni unarudi ulikotoka. Wa kwanza, wa pili, wa sita. Beki akaanza kucheka. Usiku nikarudi kwenye ile video nikaiangalia bila sauti ndo nikaona: mabao yote tisa anapokea mpira akiwa anatazama goli, hamna hata moja ambalo ana mtu mgongoni. Kitu kilikuwepo pale pale, sisi tulikuwa tunasikiliza muziki. Mkataba ulikuwa miaka miwili, kakaa miezi mitano, kuuvunja tukalipa.

Sasa swali, timu yenye hela ya mawazo kama sisi ikatafute wapi? Sitaki maneno ya "wekezeni kwenye soka la vijana", hayo nayasikia redioni kila asubuhi. Nataka mtu aniambie nenda sehemu fulani, siku fulani, angalia hiki.

Namba Sita Mstaafu

Mkuu usianze na wapi. Anza na nani aliwaumiza.

Agosti 2019 Simba anatolewa klabu bingwa Afrika na UD Songo ya Msumbiji, kule Beira 0-0, huku Dar 1-1, na lile bao lao dogo mmoja anaitwa Luis Miquissone kapiga faulo watu wakakaa kimya uwanja mzima, siku ile Kariakoo nyumba nyingi chakula kililala. Januari 2020 dogo huyo huyo kavaa jezi nyekundu ya Simba. Hakukuwa na haja ya video, walishamuona akiwatesa wao wenyewe dakika mia na themanini. Haya, Februari 2021 Al Ahly ya Misri anakuja uwanja wa Mkapa, Dar, Luis anawachapa lile shuti la mbali, moja bila. Mwaka haujaisha Al Ahly wamembeba. Na kabla ya hapo Mazembe ya Congo 2011 walikutana na Simba klabu bingwa, wakapita uwanjani lakini kuna mtoto wa Mbagala aliwasumbua, wakaondoka naye. Samatta. 2015 kawapa ubingwa wa Afrika, mwezi wa kwanza 2016 yuko Genk ya Ubelgiji.

Video inachagua dakika. Mtu aliyekuumiza hakuchagua, we ndo ulikuwa unajaribu kumzuia na ukashindwa.

Kwa hiyo kaa na mabeki wako, sio kamati, mabeki. Waulize mmoja mmoja, hapo daraja la kwanza au kwenye kirafiki yoyote ile, ni nani ambaye mkisikia mnacheza naye wiki hiyo tumbo linawauma? Waandike majina kwenye karatasi bila kuonyeshana. Jina likijirudia karatasi tatu panda basi ukamuone.

Kibao cha Akiba

Mkuu Namba Sita umenikumbusha kitu hapa mpaka nimeweka simu chini. Mwaka jana mwezi wa saba tulicheza kirafiki na timu ya wachimbaji, uwanja una mteremko kiasi kwamba golikipa wa juu anaona paa la goli la chini. Wao walikuwa na beki wa kushoto mmoja mwembamba, kiatu kimoja kakifunga na mpira wa ndani wa baiskeli maana soli imeachia. Winga wetu, ambaye tunamlipa vizuri kuliko wote, alitolewa dakika ya hamsini kwa kisingizio cha nyama za paja. Nyama hazikuwa na tatizo, yule beki ndo alikuwa tatizo. Tulicheka sana kwenye basi tukamsahau. Wakuu tulimsahau kabisa!

Binti wa Kikwajuni

Assalaam alaykum. Njooni Unguja ila nakuombeni msije kwa Mapinduzi Cup.

Kila Januari mnakuja na miwani zenu nyeusi mnakaa jukwaa kuu pale Amaan mnatizama timu zile zile za bara mnazozitizama mwaka mzima, kombe likisha mnapanda boti mnarudi. Ibrahim Bacca mnaemsifia leo, Yanga walimchukua KMKM Januari 2022. Fei Toto katoka JKU 2018. Hawakuanza kucheza mpira siku waliyovuka bahari, walikuwepo hapa hapa wanacheza ligi ya Zanzibar uwanja wa Mao, jua la alasiri linakupiga usoni, jukwaani tuko sie na muuza njugu na mzee mmoja anatukana marefa toka nikiwa mdogo. Skauti hata mmoja sijamuona, na mimi sikosi.

Lakini nakupa tahadhari kaka yangu kwa sababu umeuliza kwa adabu. Mchezaji wa KMKM au JKU au Mafunzo au Zimamoto sio mchezaji tu, hizo ni timu za vikosi vya serikali na yeye ni muajiriwa wa kikosi. Ana mshahara unaoingia, akistaafu ana chake, na mamake anajua hivo. We unamfata na mkataba wa mwaka mmoja na ahadi. Mtoto wa dada yangu alikwenda timu moja huko bara, siitaji, miezi mitatu hajaona shilingi, analala wanne chumba kimoja, nauli ya boti ya kurudi tumemtumia sie. Sasa anatamani nafasi yake kikosini, ishajazwa. Kwa hiyo hapa wapo, mabeki wa kati na viungo wanaojua kutulia na mpira wapo tele, ila ukija kumtoa mtu kwenye ajira jiulize kwanza timu yako inalipa tarehe ngapi.

Mwalimu wa Zamu

Naunga mkono dada yangu hapo juu na mimi niongeze la kwangu. Ni mwalimu wa sekondari, nimesimamia timu za UMISSETA (michezo ya shule za sekondari) wilaya na mkoa mara kadhaa. Umesema mtu akwambie nenda sehemu fulani angalia hiki, haya: nenda mashindano ya mkoa ila USIENDE siku ya ufunguzi. Siku ya ufunguzi kila mtoto fundi, mgeni rasmi yupo, viatu vimeazimwa, watoto wana hamu. Nenda siku ya nne. Kule mechi zinafatana karibu kila siku, watoto wanalala kwenye magodoro madarasani, wali maharage mchana, wali maharage usiku, siku ya nne miguu imeisha. Hapo sasa ndo utamjua nani akipoteza mpira anarudi kukaba na nani anashika kiuno. Nimeona wafungaji bora wa siku mbili za kwanza siku ya nne wanajificha nyuma ya beki ili wasipewe pasi.

La pili umri. Tusidanganyane, kuna umri wa fomu na kuna umri wa magoti. Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya chini ya miaka 17, mwaka 2017 walikwenda Afcon ya vijana Gabon kwa sababu Congo Brazzaville, ambao walikuwa wametutoa, CAF, wakubwa wa soka Afrika, iliwaengua kwa mchezaji ambaye hawakumpeleka kupimwa MRI, kile kipimo cha kujua umri. Tulifurahi sana, ila na sisi tukijipima wenyewe huku mikoani sijui tutabaki na timu ngapi. Mi nikimtilia shaka mtoto siangalii cheti, namuuliza alimaliza la saba na akina nani, halafu natafuta hao wenzake. Cheti kinatengenezwa, darasa zima huwezi kulitengeneza.

Kepteni wa wale vijana wetu waliokwenda Gabon alikuwa Dickson Job. Kalelewa Mtibwa, Turiani huko kwenye miwa, Yanga wakamchukua Januari 2021. Kabla yake Simba 2016 waliwabeba Mtibwa Shiza Kichuya na Mzamiru Yassin kwa mpigo. Na Mtibwa ilishakuwa bingwa wa nchi mara mbili, 1999 na 2000, kwa hiyo sio kwamba kulea na kushinda haviwezekani.

La tatu, na hili ndo wengi mnaliacha mezani. Mtoto ukimchukua msajili, kwenye mfumo, sio kwenye daftari la katibu. FIFA ina ile asilimia 5 ya mshikamano, mchezaji akiuzwa kwa ada toka nchi moja kwenda nyingine, 5% ya ada inagawanywa kwa timu alizosajiliwa toka msimu wa miaka 12 mpaka 23. Misimu ya 12 hadi 15 kila mmoja ni 0.25% ya ada, kuanzia 16 hadi 23 kila msimu 0.5%. Piga hesabu, umekaa naye misimu minne toka ana 16 mpaka 19, kauzwa huko mbele dola milioni moja, yako ni dola elfu ishirini, na akiuzwa tena nchi nyingine unapata tena. Kwa timu yenye hela ya mawazo hiyo ni nusu msimu wa mafuta ya basi na zaidi. Ila kama hujamsajili huna ushahidi, na hela inaenda kwa wengine. Nimeshamuona kocha wa mtaani analia na picha za mtoto akiwa na miaka 14 amevaa jezi yake, picha haimsaidii kitu.

Mzee wa Dirisha Dogo

Mwalimu nakuheshimu lakini timu ya huyu jamaa inashuka daraja mwezi wa tano wakati watoto wako wanasubiri matokeo ya form four. Ligi ina mechi 30. Hao Mtibwa mnaowasifia, wamelea Kichuya, wamelea Mzamiru, wamelea Job na Kibwana, 2024 wameshuka. Walikuwa wanalea watu wa kwenda kuwafunga wao wenyewe.

Mi niseme kitu hakipendezi, tafuta wakubwa waliodharauliwa. Mfano uko karibu kabisa. Geita Gold wamepanda 2021, msimu wao wa kwanza kabisa ligi kuu mfungaji bora wa nchi anatoka kwao, George Mpole mabao 17, Mayele wa Yanga 16. Timu ya mkoani! Msimu uliofata Saido Ntibazonkiza, Yanga wamemuacha, watu wanamuita babu, Geita wakamwambia babu njoo. Dirisha dogo, ule usajili wa katikati ya msimu, Simba wakaja mbio kumng'oa, msimu umeisha babu ana 17 sawa na Mayele. Mguu wa mtu kama huyo hauhitaji skauti, kila mtu anaujua, ila kila mtu alikuwa anahesabu miaka badala ya kuhesabu pasi.

Kwa hiyo kila timu kubwa ikitoa ile orodha ya wanaoachwa, thank you hii thank you ile, wewe usisome wachezaji wa miaka 22, soma wa 32. Uliza tu kitu kimoja, magoti. Halafu mpe namba kumi na mwambie asikabe.

Mkopo sitaki hata kuusikia. Mtoto wa Kariakoo akija kwa mkopo mkoani hafungui begi, anakaa anangoja kuitwa.

(Najua mtaniambia Geita nao 2024 walishuka na Mtibwa msimu mmoja. Walishuka ndiyo. Sijasema mi nabii.)

Mtu wa Ujiji

Mwenyekiti wako anataka wageni sio kwamba kakosea, kakosea njia. Anaona Aziz Ki kaja akadhani ASEC ni duka. Aziz Ki kabla ya kuja Yanga alishacheza na ASEC dhidi ya Simba kwenye makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika 2022, nchi nzima ilimuona hapa hapa Dar, sasa yule unamuita ametafutwa wapi? Alikuja mwenyewe na timu yake akaonekana.

Angalieni Yanga walivyofanya na AS Vita, timu ya Kinshasa. 2020 wamechukua Tuisila Kisinda na Mukoko, 2021 wakarudi mlango ule ule wakachukua Djuma Shabani na Mayele. Mayele akifika anamkuta Djuma anajua krosi anaitaka wapi, hawakuanza moja. Hicho ndo kitu cha kuiga sio majina. Tafuteni timu moja nje, moja tu, mjuane na kocha wake, mjue wanavyocheza, mchukue wawili wanaocheza upande mmoja.

Na isiwe Abidjan. Sisi huku Kigoma mpaka wa Burundi tunaenda asubuhi tunarudi, huyo Saido aliyetajwa na Mzee wa Dirisha ni Mrundi. Nauli ya kwenda kuangalia mechi tatu Bujumbura ni ndogo kuliko chakula cha mchana mlichomnunulia huyo wakala wa video. Lugha mnaelewana, ugali anaujua, samaki anawajua. Ila jamani ITC (hati ya uhamisho wa kimataifa) na kibali cha kazi vishughulikiwe kabla hajapanda basi, nimeona wageni wanakaa jukwaani wiki na wiki na traksuti mpya wanakula mishahara kwa sababu katibu hajapeleka karatasi.

Kandambili Namba Kumi

hamjataja ndondo, zile mechi za mtaani, hata mmoja?? nusu ya mabeki wa ligi wamekomazwa kwenye mchanga, mtu kacheza ndondo Dar es Salaam mbele ya mashabiki wanaomtukana toka mita moja unadhani ataogopa Mkapa? nendeni kwenye ndondo mkamalize kesi

Namba Sita Mstaafu

Ndondo sawa lakini kule kila timu imekodi watu, unamsifia dogo kumbe ni mchezaji wa ligi kuu kajificha jina. Nimeshawahi kumkuta mchezaji wangu mwenyewe, kaomba ruhusa ya msiba Ijumaa, Jumapili namkuta anapiga penati.

Kibao cha Akiba

😂😂 Namba Sita umenimaliza.

Wakuu narudi na mrejesho. Nilifanya zoezi la karatasi na mabeki na mawinga. Tisa waliandika. Wawili waliandika straika mmoja wa daraja la kwanza, na wanne, WANNE, wameandika "yule beki wa mgodini", hawamjui hata jina. Sasa mkuu wewe ulisema karatasi tatu.

Jumamosi nikaenda. Masaa matatu na nusu, mwisho vumbi tu. Nikamtafuta pale uwanjani wakaniambia yupo kijiweni, ni bodaboda. Nikamkuta anabadilisha tairi. Nikamwangalia Jumapili mechi yote, sikujitambulisha, nikakaa upande wa mteremko, nikangoja kipindi cha pili wenzake wachoke kama Mwalimu alivyosema. Dakika ya themanini na kitu walikuwa wamefungwa mbili, mpira umetoka nje kwao, yeye ndo kaukimbilia akaurusha haraka, wenzake wote wameinama wanashika magoti. Krosi mbaya lakini. Krosi mbaya sana, kocha atakuwa na kazi.

Nikamfuata nikamwambia mi natoka timu fulani, tunataka uje wiki mbili mazoezini. Hakushtuka. Akaniuliza nauli nani, nikasema sisi. Akauliza kulala, nikasema kambini. Akafuta mikono na kitambaa cha oil akauliza, "Na mshahara mnatoa tarehe ngapi? Maana hii pikipiki ya mkataba, kila siku nampelekea tajiri elfu saba."

Nikamwambia nitampigia.

Binti wa Kikwajuni

Na mnatoa tarehe ngapi?

Kibao cha Akiba

Dada kikao ni Alhamisi.